Ovataimu inayofuata mwezi

Bi Mwalimu, masalkheri.

Mimi ni mwanamume wa miaka 53, naishi Likoni na mke wangu na wawili kati ya watoto wetu watatu. Mkubwa yuko chuo kikuu Kilifi. Ni karani bandarini, kazi yangu ni kuhesabu mizigo ikishuka melini. Kwa miaka 26 nimevuka na feri asubuhi kwenda na jioni kurudi. Nataka kukwambia jambo nililolificha, na najua utacheka, lakini mimi limeniondolea usingizi.

Sijui kuogelea. Au tuseme sikuwa nikijua. Mtu amezaliwa Mombasa, bahari mbele bahari nyuma, na hata kuelea hawezi. Mimi ni kifungua mimba. Baba alitutoka nikiwa darasa la sita, na wenzangu walipotoka madrasa kwenda kuruka majini, mimi nilikuwa na sinia la vitumbua vya mama kichwani. Baadaye, Aprili 1994, feri ikapinduka Mtongwe na watu 272 wakafa. Nilikuwa kijana wa miaka 21. Nilisimama pwani na watu wengine siku ile, na niliyoyaona siyaandiki. Tangu hapo nikivuka husimama katikati ya feri, chini ya yale maboya, macho kwenye simu mpaka nisikie mlango wa chuma umegusa ng'ambo.

Januari mwaka huu tuliambiwa kazini kwamba likizo tulizolimbikiza tuzichukue au tuzipoteze. Nikapewa siku kumi. Siku ya kwanza nilitengeneza mfereji wa jikoni. Siku ya pili mke wangu akaniuliza, "Baba Rukia, kwani huna pa kwenda?" Nikatoka. Nikaenda Mama Ngina, nikanunua muhogo wa kuchoma na dafu, nikakaa kutazama meli zikiingia Kilindini. Baada ya muda nikajikuta nahesabu makontena juu ya meli, safu kwa safu, midomo yacheza. Niko likizoni, Bi Mwalimu! Muhogo ukanishinda.

Kesho yake nikapanda matatu mpaka pwani ya umma kule Bamburi, kwa kuwa huko hakuna anijuaye. Kuna kijana akodisha tyubu za magari zilizojazwa upepo. Akaniuliza, "Mzee, wataka tyubu?" Sijui ni nini kilichonisukuma, nikamwambia, "Nataka kufundishwa." Hakucheka. Akaniambia vua viatu.

Nitakueleza kitu kimoja tu kati ya alivyonifundisha. Siku ya tatu aliniweka chali, mkono wake chini ya mgongo wangu, akasema, "Mzee, shingo ilegeze, masikio yaingie majini." Masikio yakaingia. Kelele zote zikakatika, nikabaki nasikia pumzi yangu na mlio mdogo wa mchanga ukisugulika chini. Sikujua saa ngapi aliuondoa mkono. Nilikuwa naelea. Si baba wa mtu, si karani, si kaka mkubwa. Nilipotoka nilikaa ndani ya matatu nikalia, na kondakta akanipa chenji bila kunitazama.

Likizo ikaisha lakini mimi sikuacha. Nikamwambia mke wangu kwamba Jumamosi kuna ovataimu. Hutoka nyumbani na jaketi langu la kung'aa na viatu vya kazi, nikifika Bamburi namkabidhi yule kijana pamoja na simu. Siku moja nilipotoka majini nilikuta nimepigiwa simu tisa: dada yangu, mpwa wangu wa ada, ndugu yangu wa Nairobi kuhusu kliniki ya mama, na wengine. Nilipowarudia, wawili tu ndio waliokuwa bado na shida. Waliobaki walikuwa wameshajipanga. Nilifurahi, na papo hapo nikaumia, sijui kwa nini.

Shida ni kwamba ovataimu ina pesa. Basi kila Jumamosi natoa shilingi 1,500 katika akiba yangu ya sako, nampa mke wangu nikisema ndio malipo. Ukiondoa Ramadhani na siku nilizokosa, nimekwenda Jumamosi 11. Kaptura nafua mwenyewe, na tangu tuoane sijawahi kufua.

Wiki iliyopita alikuwa akiosha mbaazi, akasema bila kuinua kichwa, "Hii ovataimu yenu siku hizi yafuata mwezi?" Nikacheka, nikaenda zangu. Yeye ni mtoto wa mvuvi wa Gazi, ana mizaha ya kwao. Lakini maneno hayo hayanitoki. Waonaje, ameshajua? Na kama hajajua, nimwambie? Je, ni ubinafsi kwa mtu wa umri wangu, mwenye watu wote hawa nyuma yake, kutaka kitu kisichomfaa mwingine yeyote? Nilifikiria labda nitafute cheti niwe nafundisha watoto kwa malipo, angalau iwe na maana. Halafu tangu mwezi huu wa tano uanze maji yamebadilika, yanapiga, na ile hofu imeanza kurudi. Labda ni ishara niache.

Baba Rukia, Likoni


Baba Rukia, masalkheri nawe.

Nimecheka, lakini si ulipofikiria. Kutojua kuogelea hakunichekeshi; nimefundisha shule za mji huu miaka 34 na ningeweza kukuhesabia watoto wa kisiwani hapa, waliozaliwa wakinusa chumvi, ambao maji yakiwafika kiunoni hushika mtu. Nilichocheka ni kwamba umemwoa binti wa mvuvi, kisha ukamtungia uongo unaokwenda kwa saa za bahari.

Hebu tuhesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yako. Mwezi ukiandama, na tena ukiwa mpevu, ni bamvua, maji makuu. Hapa kwetu siku hizo maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na saa nne yamekupwa mpaka miamba iko nje. Kati ya kujaa na kupwa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kila siku hujichelewesha kwa kiasi cha dakika 50, kwa hivyo zikipita siku saba mambo yamegeuka juu chini: ni maji mafu, saa nne ya asubuhi ndiyo yamejaa, na hata yakijaa hayapandi sana. Wewe kijana wako bila shaka alikwambia uje maji yakijaa, maana yakipwa kule Bamburi utatembea na kutembea na bado yako magotini. Basi ovataimu yako Jumamosi hii ni ya asubuhi, Jumamosi ijayo ni ya alasiri, ile ya tatu asubuhi tena. Na mkeo amekua katika nyumba ambayo chakula cha jioni kilitegemea hesabu hiyo hiyo: baba atoka saa ngapi, arudi saa ngapi, leo tarehe ngapi ya mwezi. Hata wewe ungekuwa ndiye yeye ungejua. Hakuna msimamizi wa bandari apangaye zamu kwa kutazama mwezi.

Ongeza chumvi nyuma ya masikio, na mume aliyeanza kufua kaptura baada ya miaka yote hiyo. Babaangu, ameshajua kwamba unakwenda baharini. Asichojua ni unakwenda kufanya nini, na kwa nini hukumwambia.

Nakuomba uangalie alivyouliza. Mwanamke anayeshuku kuna mwanamke mwenziwe hamuulizi mumewe habari za mwezi. Huuliza habari za simu, na haulizi huku ana mbaazi mkononi. Huyu amekufungulia mlango, amekaa pembeni, na wewe umecheka ukapita.

Sasa hizi shilingi 1,500. Nimefundisha hesabu vilevile, basi najua Jumamosi 11 ni 16,500. Mtu anayemfanyia mkewe hila huzitoa pesa nyumbani akazipeleka nje. Wewe wazitoa kwenye akiba yako wazileta nyumbani, ili upate kibali cha kutoka. Umejiajiri, umejilipa, na kibarua chenyewe ni kulala juu ya maji! Nimesoma barua nyingi katika safu hii, za wanaume na za wanawake, lakini mtu anayelipa ili aruhusiwe kupumzika, na anayemlipa hajui kama analipwa, ni wewe wa kwanza.

Na hapa sitaki kukuchekea tena. Swali lako ni kama ni ubinafsi. Mimi naona swali limekuja kabla yake: nani aliyekufundisha kwamba hutoki nyumbani ila kwa kutafuta pesa? Si mkeo. Katika barua yako yote sikuona mahali aliposema hivyo. Alichosema yeye ni "Kwani huna pa kwenda?" Wewe ulisikia "umenijazia jiko." Ukilisoma tena bila kinyongo, ni swali la mtu aliyekaa nawe miaka mingi na kwa kweli hajui jibu. Nadhani aliyekufundisha ni yule mtoto wa darasa la sita mwenye sinia. Aliwaona wenzake wakienda majini akajiambia ile ni anasa ya watu wenye baba. Alikuwa sawa wakati ule. Wadogo zake walikula kwa sababu yake na hakuna wa kumlaumu. Lakini sasa ana miaka 53 na bado hathubutu kuteremka pwani mpaka ajifunike jaketi la kazi.

Kuwa na kitu chako si jambo lililoletwa na watu wa juzi. Mamangu, Mungu amrehemu, alikuwa katika chama cha lelemama, ngoma ya wanawake, hapa Mji wa Kale. Nilikuwa mtoto mdogo, miaka ya hamsini ikiishia, na nakumbuka siku za mazoezi nyumba ilinuka udi na pafyumu, kanga mpya zimekunjwa juu ya kitanda, na hakuna aliyethubutu kumwagia chai karibu. Walikuwa na sare, walikuwa na vyeo, walikuwa na wapinzani wa chama cha pili ambao walisemana nao kwa nyimbo kuliko watu wa siasa wanavyosemana leo. Pesa zilitumika, na waliokemea walikemea. Baba yangu alilalamika kuhusu pesa na kwa hilo simlaumu. Lakini sikumbuki akiuliza, "Na hiyo lelemama yatuletea nini?" Ilieleweka kwamba mama huyu, mwenye watoto sita na mkwe mkali, ana mahali ambapo yeye si mama wala mke, ni mwanachama, ana cheo, na jioni fulani hapatikani. Wanaume nao walikuwa na baraza zao, kahawa chungu na bao. Siku hizi ukimwambia mtu unakwenda kukaa barazani atakuuliza kama hakuna kazi. Kila kitu kimekuwa hasla. Hata anayepika keki kwa kupenda huambiwa afungue ukurasa auze.

Na ndiyo sababu habari ya cheti nimeipinga tangu nilipoisoma. Usitafute cheti. Si kwa sababu kufundisha watoto kuogelea ni kubaya. Mji huu unahitaji watu hao, na ukumbusho wa Mtongwe ungetosha kutuambia hivyo. Ila wewe hutaki cheti kwa ajili ya watoto. Wataka risiti. Wataka siku ukiulizwa "Ulikuwa wapi?" uwe na karatasi ya kuonyesha. Ukianza tu kulipwa utawapanga watoto majini kwa mistari na utakuwa unahesabu vichwa, midomo yacheza, kama ulivyohesabu makontena ukiwa na muhogo mkononi. Acha kwanza. Mwaka huu elea bure. Kama baada ya misimu miwili bado unataka kufundisha, niandikie, na nitakuwa wa kwanza kukuletea wajukuu.

Nakwambia hivi kwa sababu mimi mwenyewe niliingia mtego huo. Nilipostaafu nilikaa miezi mitatu nikisahihisha mabango ya mjini, namaanisha hivyo hivyo, nasimama mbele ya duka namwambia mwenyewe hapa umeandika "hifadi", ni "hifadhi". Mpaka muuza viatu mmoja wa Mwembe Tayari akaniambia, kwa heshima zote, "Mwalimu, kengele ilishapigwa." Nikarudi nyumbani nimenuna. Baadaye nikajifunza bao, la kete 64, kwa jirani yangu mzee ambaye hakuwahi kumfundisha mwanamke na hakuficha kwamba alidhani nitachoka. Miezi ya mwanzo nilikuwa naipoteza nyumba yangu, lile shimo kubwa lenye kete zako, kabla hata sijajua imekwendaje. Nikaanza kuandika daftari: makosa, mbinu, namna ya kutakata. Nikataka kuanzisha kilabu cha bao cha wasichana, nikawa nimeshaandika na katiba. Yule mzee akaniuliza, "Katiba ya nini, na wewe mashimo ya kichwa na kimbi bado wayachanganya?" Nikaichana. Nina miaka sita nacheza. Bado nashindwa mara nyingi kuliko ninavyoshinda, na mjukuu wangu wa miaka kumi hunihurumia waziwazi. Siwezi kukueleza raha yake. Kwa miaka 34 sikupata nafasi ya kuwa mjinga wa kitu mbele ya watu.

Nafikiri ndiyo ulichokipata pale majini. Wewe wasema ulipoelea hukuwa baba wa mtu wala kaka wa mtu. Sikubaliani nawe sana. Kijana wa miaka 20 na kitu alikuambia "legeza shingo" na wewe ukalegeza. Umewaambia watu la kufanya tangu darasa la sita. Mara ya mwisho mtu kukubeba mgongo ilikuwa lini? Ulilia kwa hilo, nadhani, zaidi ya bahari.

Tuje kwenye simu tisa, maana pale ndipo barua yako iliponigusa na wewe umepapita kwa mstari mmoja. Wasema wawili tu ndio waliokuwa bado na shida, ukafurahi, ukaumia, na hujui kwa nini. Mimi najua kwa nini, na nitakwambia ingawa halipendezi. Kutegemewa ni kutamu. Ukiwa ndiye unayepigiwa, hata ukilalamika, moyoni una kiti cha enzi. Saa moja uko majini, saba kati ya tisa wamejipanga wenyewe, na kiti kimetikisika. Yule mpwa amempata wapi mtu mwingine wa kumwomba ada? Na kama amempata, mimi ni nani? Usilione kuwa ni aibu, kila kifungua mimba analo. Lakini litazame vizuri, kwa sababu ndilo litakalokurudisha kwenye ovataimu ya kweli hata mkeo akikupa baraka zote. Utapata kisingizio. Jumamosi moja dada, Jumamosi nyingine mazishi, na tyubu zitaliwa na jua.

Sikwambii uwakate watu wako. Mji huu hautuzai hivyo, na ukiwakata hutaelea, utazama kwa majuto. Waambie tu, bila maelezo marefu, kwamba Jumamosi kuna muda wa saa tatu ambao simu yako haishikiki. Usiseme uko kazini. Sema haishikiki. Ndugu yako wa Nairobi ana mshahara na ana simu. Kliniki ya mama mara moja kwa mwezi haitamwua kuipanga yeye. Atakosea mara ya kwanza, atampeleka siku siyo. Mwache akosee.

Kuhusu maji kupiga, hiyo si ishara, ni upepo wa kusi. Ulianza Januari, katika kaskazi, bahari imetulia kama kanzu iliyopigwa pasi. Mwezi wa tano kusi imeshika, mawimbi yameamka, maji yamechafuka na mwani umejaa pwani. Watu wa bahari wote hupunguza kasi miezi hii, seuze mwanafunzi wa Jumamosi 11. Chagua siku za maji mafu, kwani mvuto wake ni mdogo. Kaa maji yakufike kifuani tu, usivuke alipo yule kijana, wala usiende peke yako hata siku moja ukijidai umeshajua. Ukiona bendera au mlinzi amekataza, rudi ule muhogo. Mwezi wa kumi na moja bahari italainika tena na wewe utakuwa na mwili uliokumbuka. Na hofu ya Mtongwe usiilazimishe iondoke. Uliona uliyoyaona. Inaweza kukaa pembeni na wewe ukaelea vilevile.

Sasa, kumwambia. Mwambie wiki hii. Usimwite chumbani ukafunga mlango, atadhani unaoa. Usimwambie mbele ya watoto kama mzaha, ukapata pa kukimbilia. Naona mahali pazuri ni pale pale kwenye feri. Mtafutie safari ya mjini, hata ya kununua nazi Kongowea, na mkivuka msisimame katikati. Nenda naye kando, penye ukingo, yale maji ya mita kama 500 yaone mbele yako. Mwambie umejifunza kuelea. Mwambie pesa zilitoka sako, na uombe radhi kwa hilo, kwa maneno mafupi, kwani uongo ulikuwa uongo hata kama ulikuwa na harufu nzuri. Lakini usiombe radhi kwa kuelea. Ukichanganya haya mawili atakusamehe yote mawili, na ukishasamehewa kuelea hutakwenda tena.

Anaweza kukasirika. Ana haki; miezi minne amekaa na fumbo ndani ya nyumba yake, na usiku mwingine sina shaka alifikiria mabaya ingawa mwezi ulimwambia vingine. Nyamaza, mwache amalize. Anaweza pia kucheka mpaka abiria wageuke. Hapo napo nyamaza.

Kisha kuna jambo moja ambalo hukuniuliza. Nimeisoma barua yako mara tatu nikilitafuta. Umenieleza kwamba mkeo aosha mbaazi, kwamba kwao ni Gazi, kwamba ana mizaha, kwamba yeye ndiye afuaye. Sijaona mahali uliposema yeye apenda nini. Binti wa mvuvi aliyekulia pwani, huenda alikuwa akiogelea kabla hajajua kusoma, na kwa miaka yote hii ameishi Likoni na mume asimamaye katikati ya feri. Lini mara ya mwisho ameingia baharini? Jumamosi ukiondoka na jaketi lako, yeye hufanya nini na zile saa?

Jumamosi ya kwanza yenye mwezi nusu, maji yatakuwa yamejaa karibu saa nne asubuhi. Mchukue, mtoke mapema, jaketi liache nyumbani. Yule kijana mlipe cha wawili hata kama yeye hatataka kufundishwa. Halafu kaa majini mpaka kifuani, umtazame anavyoingia.